Tarumbeta Mbele ya Kamati

Sokoni walimwita Tarumbeta, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilozaliwa nalo. Sisi nyumbani tulimwita mama mdogo, kwa kuwa alikuwa mdogo wake mama, lakini tukimtaja kwa watu ilibidi tuseme Tarumbeta, la sivyo walituuliza ni nani huyo.

Kazi yake ilikuwa kunadi mitumba. Robota la nguo lilipofunguliwa asubuhi, yeye ndiye aliyepanda juu ya benchi. Alichomoa nguo, akaikung'uta, akaigeuza ndani nje ili watu waone mishono, kisha akaanza kuisifu kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza viatu upande wa pili.

"Shati hili lina mifuko miwili! Mmoja wa pesa, mwingine wa visingizio! Nani ana visingizio vingi? Baba, wewe? Nilijua!"

Suruali alizipima kwa shingo. Alishika kiuno cha suruali, akakizungusha shingoni mwake, na ncha zilipokutana au kuachana alijua itamfaa nani, akamnyooshea kidole mtu huyo katikati ya umati. Hakuwa akikosea. Ndiyo maana siku wateja walipoanza kurudisha suruali, watu walicheka kwanza.

"Tarumbeta, ulisema saizi yangu," mwashi mmoja alilalamika, ameshika suruali kiunoni kwa mkono. "Nimepanda ngazi, imeshuka. Fundi mzima nimebaki na ndoo ya zege kichwani na miguu wazi."

"Umekonda, kaka. Mwambie mkeo akulishe."

"Mke wangu hana kosa. Shingo yako ndiyo imenenepa."

Alisema kwa utani, watu wakacheka, na mama mdogo akacheka zaidi yao. Alipofika nyumbani alisimama mbele ya kioo. Mwashi alikuwa amesema kweli. Shingo ilikuwa imejaa mbele, chini ya koo, kama mtu aliyemeza kitu kikagoma kushuka.

Alikaa na uvimbe huo muda mrefu, akiufunika kwa kitambaa. Ulipoanza kumbana pumzi akilala chali, mama alimshika mkono akampeleka hospitali.

Hapo lazima niseme kidogo kuhusu mama. Bibi alipofariki, mama alikuwa msichana tu, na mdogo wake alikuwa bado anatambaa. Mama ndiye aliyemlea. Alimpeleka kliniki, akamwandikisha shule, akazungumza na walimu wake, baadaye akazungumza na wachumba wake. Hata mdogo mtu alipokuwa na biashara yake na wafanyakazi wake, mama aliendelea kumjibia. Mgeni akimuuliza mama mdogo kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi, jibu lilitoka jikoni kwa mama. Na mama mdogo, ambaye sokoni hakuna aliyeweza kumkatiza, nyumbani aliacha hivyo. Sijawahi kumwona akilalamika.

Kwa hiyo siku moja kabla ya upasuaji, daktari alipoingia wodini akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani, mama aliinuka. Daktari akamwomba watoke kidogo. Walisimama kwenye korido, karibu na toroli la mashuka. Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani, mzima wa akili, akimenya machungwa tuliyomletea. Mama aliporudi, mdogo wake alimuuliza wamezungumza nini.

"Anasema usile chochote asubuhi," mama alijibu.

Nesi alileta karatasi ya kukubali upasuaji. Mama mdogo alitia sahihi pale dada yake alipomwonyesha.

Upasuaji ulikwisha salama, ndivyo tulivyoambiwa. Uvimbe ulitolewa wote. Mama mdogo alipozinduka alifungua mdomo atuambie kitu, na kilichotoka kilikuwa hewa. Alijaribu tena. Nesi akasema ni kawaida, koo limechoka kwa ule mpira wa kupumulia, asubiri.

Akasubiri. Kidonda kilipona vizuri, kikabaki mstari mwembamba ambao ungeweza kudhani ni mkufu. Sauti haikurudi. Maji alikunywa kwa kuinamisha kichwa, kwa sababu akinywa kama zamani yalimpalia. Watu walianza kufanya mambo ya ajabu. Wengine walimjibu kwa kunong'ona, kama vile kuna mtu amelala. Wengine walimpigia kelele, kana kwamba asiyeweza kusema hawezi pia kusikia. Mpangaji wa chumba cha jirani alimwandikia ujumbe kwenye simu akiwa amesimama mbele yake.

Mtaalamu mmoja alimpitishia kamera ndogo puani hadi kooni, akamwonyesha kwenye skrini. Kuna nyuzi mbili za sauti. Mmoja ulikuwa ukifunguka na kufunga. Mwingine, wa kushoto, ulikuwa umelala. Alisema nyuma ya tezi ya shingo hupita mshipa mwembamba wa fahamu, na wakati mwingine, hata mkono wa daktari uwe mtulivu namna gani, mshipa huo huumia. Kuna upasuaji mwingine wa kuusogeza huo uzi uliolala ufike katikati, ili mwenzake uweze kuugusa, na sauti irudi kwa kiasi. Hufanywa kwenye hospitali kubwa. Gharama aliitaja akiangalia meza. Mama mdogo alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza habari ya mtaa mwingine.

Sokoni alirudi na kipaza sauti cha betri. Alipanda kwenye benchi, akainua blauzi, akanong'ona. Kipaza sauti kikatoa mlio kama upepo unaopita chini ya mlango. Watu walisimama kidogo kwa heshima, kisha wakatawanyika. Kwenye benchi la pili alikuwepo mnadi mwenzake, kijana waliyemwita Redio, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akishindwa kumfunika.

"Tarumbeta! Betri zimekwisha?" alipaza sauti. "Nikuazime zangu?"

Umati ukacheka. Redio naye alicheka, halafu akaacha ghafla, akashuka, akaja hadi pale akamsaidia kukunja nguo. Mama mdogo aliponisimulia baadaye, hakusema kama iliuma. Alisema blauzi ile ilikuwa nzuri, ya hariri, na kwamba aliyekuja kuinunua ni mtu aliyekuwa amesimama nyuma kabisa.

Wakati huo mimi nilikuwa nimemaliza chuo na nipo tu nyumbani na vitabu vyangu. Masikio yangu ni mazuri, kwa hiyo nikawa mtu wa kumsikiliza na kurudia kwa sauti. Nilikwenda naye benki, dukani, kwa fundi wa simu. Ndugu zetu walitucheka. Walisema yule wa kelele amepata msemaji, na msemaji mwenyewe akisalimiwa anaangalia viatu. Walikuwa na haki ya kucheka. Maneno yake mdomoni mwangu yalitoka kama ya mtu anayeomba radhi. Akinong'ona, "Mwambie aache upuuzi," mimi nilisema, "Anaomba kama inawezekana usiendelee." Alinipiga kibao begani, nikarudia inavyotakiwa.

Mteja wake mmoja ndiye aliyemleta wakili. Wakili huyo alikuwa kijana wa suti ya kubana na viatu vya raba, mwepesi wa kuongea. Alipeleka malalamiko kwenye kamati inayosikiliza kesi za madaktari, na akatueleza mpango wake. Kamati ikisema hospitali ina makosa, hospitali italipa bila kutaka kwenda mahakamani, na malipo hayo ndiyo yatakayofanya upasuaji wa pili. Mama mdogo hakutaka kingine. Sikuwahi kumsikia akisema anataka daktari afukuzwe kazi.

Siku chache kabla ya kikao wakili alikuja nyumbani. Tuliketi sebuleni, mimi, mama na mama mdogo.

"Hospitali wamejibu," alisema. "Hawakatai kwamba mshipa uliumia. Wanasema hiyo ni hatari inayojulikana, na kwamba daktari alimweleza ndugu wa mgonjwa kabla. Sasa mama," akamgeukia mama, "ndugu mwenyewe ni wewe. Ulielezwa?"

"Kuelezwa kukoje?" mama aliuliza.

"Kuelezwa kwamba sauti inaweza kupotea."

"Madaktari wanaongea mengi."

"Mama yangu, kwenye kikao hakuna 'wanaongea mengi.' Kuna ndiyo na kuna hapana."

Mama alianza kukunja pindo la nguo yake. Alilikunja likawa dogo kabisa. "Aliniambia," alisema. "Alisema inatokea mara chache. Alisema nimweleze mgonjwa kama naona inafaa, au nisimweleze, mimi ndiye ninayemjua. Nikaona haifai. Angekimbia na ile shingo yake."

Mama mdogo alikuwa ameketi kando yangu, na bega lake liligusana na langu. Halikutikisika. Nilimwangalia. Alikuwa akitazama ukutani, pale penye alama ya mstatili mweupe iliyoachwa na picha tuliyoitoa.

Wakili alikohoa. "Mimi sijasikia hilo," alisema. "Ila nawaambieni ukweli. Mkisema dada aliambiwa, kesi inakonda. Watasema familia ilijua, ikakubali. Mkisema hakuambiwa, ni neno la daktari na neno la dada. Hawakuandika popote walichozungumza koridoni. Hapo tunashinda."

"Nitasema sikuambiwa," mama alisema hapohapo. "Tulikuwa wawili tu. Mimi ndiye niliyeharibu, mimi nitatengeneza."

"Mama mdogo?" nilimuuliza.

Hakunong'ona chochote. Wakili alichukulia kimya kile kuwa ndiyo, na kusema kweli, mimi pia.

Alipoondoka, mama alikwenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Mama mdogo alimfuata jikoni, akanivuta kwa mkono. Alinong'ona nami nikarudia, huku nikitazama sinki.

"Anauliza, kwa nini hukumwambia."

"Si nimeshasema? Ungekataa. Halafu ungekufa umekabwa na shingo yako mwenyewe, na mimi ningebaki namwambia nani?"

Mama mdogo alifikiri. Kisha akasema polepole, na mimi nikarudia kila neno kama lilivyokuja. "Anasema huenda angekataa. Huenda angekubali. Anasema sasa hatajua kamwe angefanya nini."

"Mwambie..." mama alianza.

"Anakusikia, mama."

Mama alifunga bomba. "Najua ananisikia," alisema.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu na chupa za maji zilizopangwa kama wanafunzi kwenye mstari. Feni ilizunguka ikitoa mlio kila ilipofika upande mmoja. Wanakamati walikaa upande wa dirisha, na katikati yao alikuwepo mwenyekiti, daktari mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Sisi tulikaa upande wa pili na wakili wetu. Mama aliketi nyuma yetu, kwenye viti vya mashahidi. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

Daktari wa upasuaji alikuwepo. Nilitegemea nimwone mtu wa kuchukiza, nikamwona mwanamume aliyechoka, mwenye kucha fupi safi, anayeweka mikono juu ya meza kisha anaiondoa. Alieleza upasuaji hatua kwa hatua. Tezi ilikuwa imeshikana na vilivyo jirani. Aliutafuta mshipa, akauona upande wa kulia, upande wa kushoto hakuuona vizuri. Alisema yote hayo bila kujitetea sana.

"Na hatari hiyo ulimweleza nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndugu yake. Dada mkubwa."

"Mgonjwa mwenyewe alikuwa na fahamu zake?"

"Alikuwa nazo." Akaiondoa mikono mezani. "Ndivyo tulivyozoea. Mgonjwa akielezwa siku ya mwisho hivi, presha inapanda, tunaahirisha. Ndugu wenyewe hutuomba tusimtishe."

Mwenyekiti aliandika. Kisha akageukia upande wetu. Alisema ameelewa kwamba mlalamikaji atazungumza kupitia kwangu, na kwamba niseme alivyosema yeye, nisiongeze wala kupunguza. Niliitikia kwa kichwa. Akaniambia nitamke, maana wanarekodi. Nikasema ndiyo.

"Swali ni hili. Kabla ya upasuaji, wewe, au mtu yeyote wa familia yako, alielezwa kwamba unaweza kupoteza sauti?"

Wakili alikuwa tayari amenieleza jibu. Hapana, hakuna. Nilikuwa nalo mdomoni. Niliinama tu kwa utaratibu, nimsikie akilisema.

"Sema dada aliambiwa," mama mdogo alinong'ona. "Sema mimi sikuambiwa. Vyote viwili."

Nilimtazama. Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Rudia," nilimwambia, ingawa nilisikia.

"Sema kama nilivyosema. Usilainishe."

Nikasema. Nilisema nikitazama chupa ya maji iliyokuwa mbele yangu, kwamba dada yake aliambiwa na yeye hakuambiwa.

"Sauti juu kidogo, tafadhali," mwenyekiti alisema. "Mashine haichukui."

Kwa hiyo nilisema tena, kwa sauti. Safari hii nilisikia kiti kikisogea nyuma yangu. Wakili aliweka kalamu chini, akaegemea kiti.

Mama mdogo alinivuta sikio karibu, na mimi nikaendelea kusema, kwa sababu sasa hapakuwa na la kuogopa. "Anasema, daktari, wewe ulitoka nje na dada yake. Yeye alikuwa palepale kitandani anakula chungwa. Anauliza, uvimbe ulikuwa kwenye shingo ya nani?"

Daktari alifungua mdomo. Wakili wa hospitali alimgusa mkono, lakini alijibu. "Yako," alisema. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia yeye. Akaongeza, "Ningekuambia, ungekubali?"

Mwenyekiti alimkanya, akasema swali hilo si la kikao. Mama mdogo alikuwa ameshajibu sikioni mwangu.

"Anasema hajui," nikasema. Sijui kama mashine ilichukua.

Kisha mama aliitwa. Alikaa mbele, akataja uhusiano wake na mgonjwa, na alipoulizwa kama aliambiwa, alisema ndiyo. Aliulizwa kwa nini hakumfikishia mgonjwa. Alisema alimlea. Mwenyekiti alingoja kama kuna zaidi. Mama alisema tena, "Nimemlea mimi."

Nje, kwenye ngazi, wakili alituaga haraka, akasema atatupigia. Tulisimama watatu kwenye kivuli cha jengo. Watu walipanda na kushuka wakitupita.

"Nilikuwa nimejiandaa," mama alisema. "Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Ningesema bila kupepesa."

Mama mdogo akanong'ona. Nilitaka kucheka, nikashindwa. "Anasema usingeweza. Anasema ukidanganya pua yako inatoka jasho, na tangu asubuhi inatoka jasho."

Mama alifuta pua. "Umenivua nguo mbele ya watu wazima," alimwambia mdogo wake. "Na sauti yako umeitupa. Kwa ajili ya nini? Niambie kwa ajili ya nini."

Nilingoja, nimeinamisha sikio. Mama mdogo alikuwa akitafuta kitambaa kwenye mkoba. Alikipata, akampa dada yake.

Uamuzi ulitoka baada ya muda. Kamati ilisema upasuaji ulifanywa kwa uangalifu unaokubalika na kwamba kilichotokea ni madhara yanayojulikana. Ilimwonya daktari kwa kutozungumza na mgonjwa mwenyewe, na ikaiagiza hospitali ibadilishe utaratibu huo. Kuhusu malipo ilisema haikuona msingi, kwa kuwa ndugu wa karibu alifahamishwa. Wakili alisema mahakama ipo, ila baada ya maneno yale, yeye hashauri. Alimpa mama mdogo mkono wa pole. Mama mdogo alimshukuru, nikarudia, wakili akaenda zake.

Hatukuzungumzia jambo hilo. Mama hakununa. Alipika, akapakua, akamwekea mdogo wake maji kwenye kikombe chenye mdomo mdogo ili yasimpalie. Walikaa kwenye kochi moja wakitazama taarifa ya habari. Kama kulikuwa na hasira sikuiona, na kama kulikuwa na msamaha sikuuona pia.

Sokoni benchi lake alilichukua Redio. Mama mdogo hufungua robota, huchambua, hutenga nzuri na mbovu, na Redio hunadi. Wanagawana. Amemfundisha kupima suruali kwa shingo, lakini shingo ya Redio ni nyembamba kama ya kuku, na malalamiko ya wateja sasa ni ya upande mwingine. Wanashindwa kufunga vifungo.

Hivi karibuni alipata miadi kwenye kliniki ya umma ambako wapo wanaofundisha watu kutoa sauti kwa pumzi. Wengine husaidika, wengine hapana. Asubuhi hiyo mama alivaa viatu mapema, akachukua mkoba. Mimi pia nilikuwa tayari mlangoni. Mama mdogo alitutazama, akainua kiganja kama mtu anayesimamisha gari. Kisha akatoka peke yake.

Tulishinda nyumbani. Mama alipanga kabati lililokuwa limepangwa. Mimi nilisoma ukurasa uleule.

Alirudi jua likiwa limeanza kupoa. Alivua viatu, akanawa mikono, akaketi mezani. Mama alimpakulia chakula. Alikaa mbele yake, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, na niliona midomo ya mama ikijiandaa kuuliza, kisha ikatulia. Mama mdogo alikula taratibu, akiinamisha kichwa kila alipomeza. Alipomaliza alisukuma sahani mbele kidogo, akatuambia, kwa pumzi, kwamba mboga ilikuwa na chumvi nyingi.

Sote wawili tulimsikia. Mama alisema kesho atapunguza.

Hadi leo sijui kule kliniki aliambiwa nini.